Marahaba

Kwenye picha waliyonitumia ulikuwa na miaka saba,
pengo mbele, nyusi umezikunja kwa jua la Mutsamudu.
Pengo lile nililipenda.
Nikalishonea gauni la rangi ya malimau,
nikalitundika msumarini, chumba cha nyuma, Wete,
nikangoja mihuri.

Mihuri ilichukua miaka minne.
Gatini Mkoani akashuka msichana mrefu,
meno yote yamejaa,
mkoba kaukumbatia kama aliyebeba maji.
Nilikutafuta nyuma yako.
Mungu anisamehe, nilikutafuta nyuma yako,
yule mdogo, wa pengo.

Gauni likakukwama mabegani.
Hukusema kitu. Ulilikunjua mikono,
ukalirudisha msumarini taratibu
kama mali ya mtoto mwingine
atakayekuja kuichukua.

Usiku ule nilikupakulia muhogo na changu wa nazi.
Ulikula nusu, ukanitazama, ukasema:
Marahaba.
Na mimi sikuwa nimekuamkia.
Shaame alicheka hadi akapaliwa,
"Loo, tumeletewa bibi!"
Mpaka Bi Chumu, aliyewahi kuolewa Nzuwani,
akatwambia kwenu neno hilo ni ahsante.
Wiki nzima tulikuwa tukiicheka ahsante yako.

Biubwa wa nyumba ya pili alileta sahani ya visheti
na methali: samaki mkunje angali mbichi,
wewe, shoga, umeletewa mkavu.
Visheti tulikula.
Sahani hairudi tupu,
nikamrudishia na methali yake ndani.

Najua mkate unauficha chini ya godoro.
Sisimizi waliniambia.
Kila Ijumaa natoa kipande kilichokauka
naweka kibichi, natandika shuka, sisemi.
Najua unalala na viatu.
Najua Shaame siku hizi hukohoa
kabla ya kuingia uani kwake mwenyewe
ili akukute umeshajitanda kanga,
na kwamba mwezi wa tatu
ulianza kumtilia maji ya udhu
kila ukisikia kikohozi.

Kovu la gotini silijui.
Ni dogo, limepinda kama konyo la karafuu.
Nani alikupuliza siku ile?

Skuli, Mwalimu Faki aliuliza jina la baba
na kalamu yake ilishaanza kumwandika Shaame.
Niliweka kidole juu ya daftari.
Eshati Soilihi, nikasema.
Babake amekufa, si kwamba hana.
Ukanigeukia, macho yote mawili,
mara ya kwanza.
Dini hairuhusu nikufute, nami sitaki.
Lakini usiku nilimwonea wivu maiti,
sikufichi,
kwa herufi saba tu.

Kisha ukaja msimu. Tukaanika mbele ya nyumba.
Ulichutama kando ya jamvi, ukaokota karafuu moja,
ukaitafuna,
na kilio kikakutoka chote,
cha gatini, cha gauni, cha miaka minne ya mihuri:
Mama!
Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo.
Nilijua si mimi.
Nikaja nikakaa chini, vumbi la konyo kwenye kanga,
tukamngoja wawili, asiyekuja,
mpaka jua likahamia upande wa pili wa jamvi
na karafuu zikataka kugeuzwa.
Tukazigeuza.

Gauni la malimau sikuligawa.
Juzi nimelikuta limefumuliwa pindo,
umemshonea foronya mto wangu,
mshono mbaya, mkubwa mkubwa,
kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Leo alfajiri umepita uani, pekupeku.
Shikamoo, umesema.
Nikajibu kama tunavyojibu Wete.
Nikajibu pia kama mnavyosema kwenu,
neno lile lile moja, sikulibadili hata pumzi.
Ukasimama, birika mkononi.
Umelisikia.
Ukatingisha kichwa,
ukanisahihisha matamshi.